Vizibao vya Mchanga

Mazingara
Jumapili, 3 Oktoba 1971

Dada yangu Paulina, pokea salamu zangu nyingi, na nyingine umpe baba watoto. U mzima? Na lile goti lako, bado linakusumbua ukipiga magoti kanisani? Nimelitia katika dua zangu, usicheke. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila moyo wangu haukai mahali pamoja, na nimeona barua ya ukurasa mmoja haitanitosha. Nimechukua daftari nililopewa la kufundishia kisomo. Nitakuandikia kidogo kidogo, na akipatikana mtu wa kuja Korogwe atakuletea.

Habari yenyewe unaijua nusu. Zamda wangu ni mjamzito tena. Ile ya kwanza ilikuja mapema, akaumwa siku mbili, na mtoto akatoka hakulia. Safari hii Bi Mwantumu mkunga amenishika mkono akaniambia, "Mwaija, huyu mimi simzalishi. Huyu ni wa hospitali." Lakini pia amekataza asitikiswe na lori mpaka mimba ikae sawa. Kwa hiyo tumepanga aje kwako Jumatatu ya tarehe 29 Novemba, akae karibu na hospitali, kama ulivyonikubalia.

Ninachokiogopa ni mvua kumtangulia, au mtoto kuitangulia tarehe. Njia yetu ikilowa hakuna gari linaloingia kijijini. Inabidi mgonjwa abebwe kitandani maili kumi na moja hadi barabara kubwa, na lori la mizigo hupita pale Jumatatu na Alhamisi tu, kabla ya saa sita mchana. Masika iliyopita walimbeba Shida, jirani yangu. Rehani, mmoja wa wabebaji, alishusha kitanda mara tatu kupumzika. Walipofika barabarani wakakuta alama za magurudumu kwenye matope. Shida akafia pale pale, kichwa chake juu ya khanga yangu niliyomtandikia kabla hawajaondoka. Sijamsamehe Rehani. Nasali naye msikiti mmoja, lakini sijamsamehe.

Jumatano, 6 Oktoba

Kamati ya kijiji imekaa. Wamechaguliwa wabebaji wanne: Mhina, ambaye ni mkwe wangu; Isihaka mwenye maneno mengi; Kaleb, yule Msambaa mrefu anayefundisha mgambo; na Rehani. Nikasimama nikauliza, "Rehani tena?" Mwenyekiti akasema, "Mama Zamda, wengine wote wana ngiri au wana visingizio." Rehani alikuwa akitazama chini, anachora udongo kwa kidole cha mguu.

Kaleb anataka wafanye mazoezi kila siku mpaka mvua inyeshe. Lakini wafanye na nini? Kitanda kilichofungwa miti hakitoki nyumbani kitupu, watu watauliza ni nani anayefuatwa. Na mtu mzima wa afya kulala juu yake abebwe ni kumwita Israili mtoa roho kwa jina. Hata Kaleb, ambaye kwao milimani hawana hofu hiyo, alikubali. Ikaamuliwa kila mtu avae fungu lake la uzito mwilini, na kwa kuwa cherehani ni yangu, kazi ya kutafuta vazi la kufaa nimepewa mimi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Tumempima Zamda kwenye mizani ya pamba. Bi Mwantumu alikaa njiani kufukuza watu. Zamda ananing'inia kwenye kamba anasema, "Mama, mimi si gunia. Usije ukaniandikia pamba daraja la pili." Ratili mia moja thelathini na sita. Kitanda na miti, arobaini na nne. Nikagawanya kwa wanne: ratili arobaini na tano kila bega. Namba hiyo imenikaa kichwani hata kwenye swala. Mungu anisamehe, leo sijui niliswali rakaa ngapi.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimeanza na ile habari uliyoniandikia, ya mwalimu wa michezo hapo Korogwe anayewafunga wanafunzi mifuko ya mchanga miguuni. Nimeshona minane, mmoja kila mguu. Isihaka ndiye aliyeijaribu. Dada, alitembea kama jogoo aliyefungwa kamba asikimbilie kwa jirani! Kina mama walimcheka mpaka wakakaa chini. "Chekeni," anasema, "mkipata uchungu mtabebwa na jogoo huyu huyu." Lakini kifundo cha mguu kimemvimba. Kwa kukimbia labda inafaa. Mtu aliyebeba mgonjwa hapaswi kujifunza kukokota miguu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Joto. Sikushona.

Alhamisi, 14 Oktoba

Kaleb ameleta mikoba ya mgambo, ya mgongoni, tukatia mawe. Wamekwenda hadi shamba la kijiji na kurudi. Mhina amechubuka uti wa mgongo, na kwa kuwa mimi ni mkwe wake hakuweza kunionyesha. Alimtuma Zamda aje aniambie pameumia wapi. Kosa la mkoba ni kwamba unamvuta mtu nyuma, naye anainama mbele kujisawazisha. Kitanda hakivuti nyuma, kinakandamiza chini kutoka juu. Mwili utajifunza jambo jingine.

Nikajaribu mshipi mpana wa kiunoni, wenye mifuko ya mchanga kuzunguka. Huo waliupenda, unakaa vizuri, haupigi. Tatizo lake ni hilo hilo, umekaa vizuri mno. Bega linabaki kupumzika. Rehani peke yake ndiye aliyesema kweli: "Huu ni mzuri, mama Zamda, ila hautusaidii." Nikamjibu kwamba sikumuuliza.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nadhani nimepata. Ni kizibao. Nimekata magunia ya katani, nikatia ndani kitambaa cha marekani ili yasikwaruze, na mifuko nimeiweka juu kabisa, mbele na nyuma ya bega, mchanga ukae pale mti wa kitanda utakapokaa. Chini nimeacha kamba mbili za kufunga kifuani, kisipigepige mtu akiharakisha. Mchanga wameuleta kutoka mtoni. Nimepima kila kimoja kwa mkono wangu: arobaini na tano, wala si arobaini na nne. Kaleb alikivaa, akaruka ruka, akasema, "Mama, hiki kikikulalia usiku huamki." Nilifurahi, dada. Nilifurahi kama mtoto.

Alhamisi, 21 Oktoba

Mwezi umeonekana, Ramadhani Mubarak. Nimemwuliza Maalim wa msikiti wetu kama inafaa kumpa mtu aliyefunga mzigo wa makusudi. Akanijibu, "Wavae baada ya swala ya alfajiri, wavue jua likichomoza, tumbo bado lina daku." Basi ndivyo wanavyofanya. Kaleb hafungi, lakini nimegundua hanywi maji mbele yao. Hujificha nyuma ya banda la mbuzi kama mwizi. Mungu amlipe.

Jumamosi, 23 Oktoba

Wamekwenda maili mbili. Rehani wa mwisho.

Jumanne, 26 Oktoba

Maili tatu. Rehani wa mwisho. Nilikuwa nimekaa kizingitini nawahesabu wanavyorudi.

Jumamosi, 30 Oktoba

Maili nne bila kusimama. Isihaka anasema kizibao kimekuwa chepesi kama shati la Idi. Hata Rehani hahemi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka Zamda akatoka nje kuangalia kuna nini.

Zamda miguu imeanza kuvimba.

Alhamisi, 4 Novemba

Maili tano. Wanatembea wanaimba. Watu wanatoka kuwatazama. Isihaka ameniomba nimshonee kifungo, apendeze.

Jumatatu, 8 Novemba

Dada Paulina, nakuandikia na aibu yangu. Leo kizibao cha Mhina kilifumuka, nikakitia mizani kabla ya kukiziba. Ratili thelathini na nane! Nikadhani mchanga umemwagika. Nikapima kingine, thelathini na nane. Vyote vinne. Nikakaa chini. Ule mchanga ulitoka mtoni mbichi, nami niliupima ukiwa mbichi! Wiki tatu umekuwa ukikauka mabegani mwao, nasi tunasema wamepata nguvu.

Nilipowaambia, Isihaka alishika kichwa. "Kwa hiyo sisi hatukukomaa?"

"Mchanga ndio uliokomaa," akasema Kaleb.

Walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilipoingia ndani nililia. Wiki tatu, na tarehe haisogei nyuma. Nimejaza mchanga mkavu, nimerudisha arobaini na tano.

Jumanne, 9 Novemba

Wamerudi wakihema. Hakuna aliyeimba.

Ijumaa, 12 Novemba

Mawingu upande wa Korogwe. Je, huko kwenu imenyesha? Nilianika mtama nikauanua mara nne, na tone halikuanguka. Bi Mwantumu amemshika Zamda tumbo, akamgeuza ubavu akamshika tena. Nikamwuliza. Akasema, "Mtoto ameshuka." Nikamwuliza maana yake nini. Akasema, "Maana yake ameshuka, Mwaija, niache nifikiri."

Jumanne, 16 Novemba

Sina la kuandika. Nimefagia uwanja mara mbili.

Jumamosi, 20 Novemba

Idi. Tumeswali, tumekula, tumesameheana. Rehani alinijia na mkono wake, akasema, "Mama Zamda, kama nimekukosea." Nikaupokea mkono, nikasema maneno ya Idi. Lakini mdomo ndio uliosema. Sikulala vizuri.

Jumapili, 21 Novemba

Nimewaza hivi. Wale watu wamefunzwa kila mmoja na mzigo wake. Kila mmoja anajua bega lake, lakini hakuna anayejua la mwenzake. Kitanda ni kimoja. Nitajuaje kama watakwenda pamoja? Hakuna njia nyingine ila kukibeba kitanda, kikiwa na mtu.

Nimekwenda kwa Maalim. Nikamwambia, "Nitalala mimi."

Alinitazama. "Huogopi?"

"Naogopa. Lakini kuna aya inayokataza?"

Akafikiri. "Aya sijaiona. Watu ndio watakaokataza."

"Na watu je?"

"Nitatangulia mbele niwaambie ni mazoezi."

Jumatatu, 22 Novemba

Leo nitaandika sana, nivumilie.

Mimi ni ratili mia na mbili tu, kwa hiyo nilivaa kizibao cha Rehani nifikie uzito wa mwanangu na zaidi kidogo. Nikatia udhu, nikatamka shahada, nikalala kitandani mwenyewe, macho wazi. Wanawake walikimbilia ndani. Mmoja alipiga ukelele wa msiba kabisa, Maalim akapaza sauti, "Ni mazoezi! Ni mazoezi, enyi watu! Mwaija yuko hai, anaongea!" Nami nikaongea kweli, nikamwambia yule mama akaangalie ugali wake unaungua.

Mhina ndiye aliyekwama. Amsimamie mama mkwe amelala chali? Alirudi nyuma hatua tatu, jasho linamtoka. "Siwezi, Maalim. Huyu ni mama yangu." Tukashauriana. Ikabidi akae mbele, mgongo wake kwangu, asinione. Kaleb akawa mbele upande wa pili. Isihaka na Rehani wakawa nyuma, kichwani kwangu.

Wakainua. Dada, nilimshika Mungu kwa mikono miwili. Unaona mawingu tu, na unasikia miguu ya watu. Hatua za kwanza nilisukwasukwa kama maziwa kibuyuni, kisha wakapatana. Tulipofika mahali njia inapoinuka, nikangoja kuteleza upande wa Rehani, kwa sababu, sikukuambia, ni mfupi, kimo chake ni cha begani kwa mwenziwe. Sikuteleza. Kitanda kilikuwa sawa kama meza. Nikashangaa, nikainua macho nyuma.

Ule mti haukuwa begani mwake. Alikuwa ameuinua kwa viganja, mikono miwili juu ya kichwa, vidole vimekuwa vyeupe, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa anatembea hivyo ili mimi nisiteleze.

Nikamwambia, "Rehani, weka begani."

"Nikiuweka begani utaniteremkia shingoni, mama Zamda. Nyamaza, mgonjwa haongei."

"Na masika ile? Shida ulimbeba hivi?"

Isihaka ndiye aliyejibu, bila mzaha wowote: "Alimbeba hivi hivi, nami nikiwa ubavuni mwake. Maili zote kumi na moja."

Nikawaamuru washushe. Nikaketi pale njiani na kizibao changu cha ratili arobaini na tano, nikamwuliza Rehani kwa nini hakusema, mwezi mzima nikimwona wa mwisho, tangu masika nikimnunia. Akapangusa mikono kwenye msuli aliojifunga.

"Ningesema nini? Kwamba mimi ni mfupi? Kila mtu anaona."

Nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema Idi ilishapita, nisianze upya. Nimemfunza mabega mtu aliyekuwa akibeba kwa mikono, Paulina, kwa sababu sikumwuliza. Na alipotaka kusema juu ya mshipi nilimziba mdomo.

Jumanne, 23 Novemba

Mvua imeanza alfajiri, kubwa. Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Nimefumua kizibao cha Rehani, nikamwaga mchanga wote uwanjani, nikajaza sufi. Bega la mti nimelipandisha tabaka kwa tabaka, sufi na magunia, nimelishindilia likawa gumu kama ngata ya kubebea mtungi, nikamsimamisha ubavuni mwa Isihaka nikapima kwa kamba mpaka wakalingana. Isihaka akasema, "Sasa umeota nundu kama fahali." Rehani anageuza shingo kulitazama bega lake kama si lake.

Jumatano, 24 Novemba

Mvua. Wamebeba kitanda na gunia la mahindi hadi kisimani na kurudi, mara sita. Siku hizi hakuna anayeuliza nani anafuatwa. Rehani anatembea mkono mmoja umening'inia tu, hauna kazi.

Ijumaa, 26 Novemba

Jana sikuweza kuandika.

Zamda alishikwa na uchungu kabla ya adhana ya alfajiri ya Alhamisi. Siku nne kabla ya safari yetu. Bi Mwantumu aliingia, akatoka, akasema neno moja: "Barabarani." Maalim aliswalisha haraka. Mpaka kunapambazuka walikuwa wameshakifunga kitanda, wamemfunika Zamda kwa turubai la kamati, nami nina furushi la nguo na chupa ya chai. Safari hii Mhina hakuhitaji kukaa mbele, lakini alikaa pale pale, ndipo miguu yake ilipozoea.

Nilidhani nitakwenda nao. Mama mzazi, nitakaa wapi? Nikawafuata mguu kwa mguu. Mpaka mwisho wa mashamba nilikuwa nyuma yao hatua kumi. Penye mteremko wa kwanza, hatua hamsini. Matope yananishika ndala, nikazivua. Nikawa nawasikia tu, Kaleb anahesabu, "moja, mbili, moja, mbili," na Zamda analia kwa sauti ya chini. Nikapiga kelele, "Ningojeni!"

Rehani akajibu bila kugeuka. "Hatusimami, mama Zamda!"

Nilikimbia, dada, na umri huu. Nilipofika kijitoni walikuwa ng'ambo wanapanda, maji yamewafika mapajani walipovuka, na nilivyotia mguu mimi yakanifika kiunoni yakanisukuma. Bi Mwantumu, aliyekuwa nyuma yangu, akanivuta kwa khanga. Tukasimama pale. Niliona turubai linapanda kilima, limenyooka, halilali upande huu wala ule, kisha likaingia kwenye miti. Miezi miwili nimewaandaa waende upesi, na kumbe ni upesi wa kuniacha mimi.

Walirudi jioni, watatu. Nilisimama mlangoni. Isihaka ndiye aliyeanza.

"Tumelikuta lori, Mama Zamda. Tulifika tukangoja. Sisi ndio tuliongoja!"

"Na Zamda?"

"Yuko hai. Kuna mama mmoja wa milimani alikuwa ndani na vikapu vyake vya maharage, amempakata kichwa. Mhina amekwenda naye Korogwe."

"Mlimshusha mara ngapi?"

Wakatazamana. Kaleb akasema, "Mara moja. Ndani ya lori."

Rehani alikuwa ameketi kwenye ngazi, anakamua maji kwenye kizibao.

Jumamosi, 27 Novemba

Kijito kimejaa. Hakuna anayevuka. Sijui chochote. Nimeswali, nimekaa, nimeswali tena.

Jumapili, 28 Novemba

Maji yameshuka kidogo. Nilitaka kuja mwenyewe, lakini mguu nilioukanyagia kijitoni umevimba, na Maalim amenikatalia. Rehani amesema atakwenda yeye, avuke leo aliwahi lori la kesho. Sikumwomba. Amekuja tu amesimama uwanjani, kizibao chake cha sufi mwilini. Anasema bega limekizoea.

Basi daftari hili utalipokea mkononi mwake. Utamjua kwa kimo na kwa nundu ya bega la kulia. Usimcheke, na usimwache asimame mlangoni. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, umwambie mimi nimesema alale kitandani, si mkekani.

Wewe, dada yangu, nakuomba uvae viatu uende hospitali siku hiyo hiyo ukamtafute Zamda, binti Mwaija, wa Mazingara. Mwangalie kwa macho yako. Kisha niandikie, hata mstari mmoja, kama ni mzima, na kama mtoto alilia. Rehani atangoja jibu. Nijibu upesi.

Ni mimi nduguyo,
Mwaija